Vichwa vya Jayanti na Viwiliwili vya Maalim

Nasra, na nyinyi wenzake mliobaki kule ghorofani,

Mlinambia niandike mambo ya kazi, kwa vile mie ndio wa mwisho kuondoka katika wale walioinusa gundi. Haya, nnaandika. Lakini msinisahihishe. Skuli niliiwacha katikati, sikumbuki kama aliyechoka mwanzo ni mie au walimu, na mwandiko wangu mnaujua, unakwenda upande kama kaa.

Kitabu nnachotaka kukisema nyote mmekisomea. Kile cha darasa la kwanza, kinachoanza na jogoo juu ya ukuta na kumalizikia na bibi anayekuna nazi. Sasa mnakichapa upya, na siku ile ya kuniaga, Nasra, ulinijia na kompyuta yako mkononi ukaniuliza, "Bi Mize, huyu bibi wa mwisho mbona katupa mgongo? Nimgeuze? Watoto wa siku hizi wanataka kuona uso." Mie nikatia sambusa mdomoni ili nisijibu. Si kwa jeuri. Jibu lake refu, na watu walikuwa wanangojea kupiga picha.

Basi jibu ndio hili.

Mie nilitokea Kendwa, wakati Kendwa hakuna hoteli hata moja, kuna minazi na sisi. Shangazi yangu aliyekuwa akikaa mjini akasikia karakana ya vitabu inataka msichana mwenye mkono usiotetema. Akanitaja mie, kwa sababu nlikuwa nikisuka ukili, na asukaye ukili mkono wake hautetemi, ukitetema mkeka unakwenda kombo. Kitu cha pekee nlichokuwa nacho mwilini kilichotulia ni mikono. Mdomo haukutulia tangu nilipozaliwa.

Mkuu wa karakana, Bwana Haroub, alinipa wembe na picha ya kamba, yule kamba wa baharini mwenye masharubu marefu. Akasema, "Mkate umtoe, na sharubu hata moja lisibaki." Nikamkata. Akamnyanyua dirishani, akamtazama kwenye mwanga, akasema, "Kesho njoo." Mtihani wangu wote ndio huo. Sijafaulu mwingine kabla yake wala baada yake.

Karakana ilikuwa nyumba ile ile mnayoijua, Mji Mkongwe, ngazi zake zile zile za kuvunja magoti. Mashine ya kuchapa ilikuwa chini, na ikinguruma nyumba nzima inatikisika, mpaka vikombe vya chai vinatembea mezani. Kwa hivyo wachoraji wetu walikuwa na desturi moja: mashine ikianza, nibu zinawekwa chini. Hakuna anayechora. Ikinyamaza, utasikia kiti kinasogezwa, na kidau cha wino kinafunguliwa. Walichora katika ule ukimya baina ya kazi moja na nyengine, kama mtu anayevuka barabara ya Darajani.

Siku ya mwanzo nilimkuta mzee mmoja kavaa kanzu na kofia ya kiua, anachora ng'ombe. Lahaula, ng'ombe! Ngozi imelegea pale chini ya shingo, nundu imekaa, kwato zimeingia kwenye tope kidogo. Ulikuwa unataka kumpisha njia. Ila kichwa hana. Nikasimama kungojea amalize. Yeye akapangusa nibu, akafunika kidau, akakunja mikono.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Maalim, ng'ombe huyu kichwa chake?"

"Kipo," akasema. "Kiko upande wa pili wa chumba."

Nikageuka. Upande wa pili, chini ya dirisha, amekaa mzee wa Kihindi kavaa miwani mizito, kainama juu ya karatasi iliyojaa vichwa vitupu. Kichwa cha mbuzi, cha baba, cha paka, cha mwalimu, cha ng'ombe, vimepangwa safu kama meza ya mchinjaji sokoni. Akaninyanyulia kichwa cha ng'ombe. Ng'ombe akanitazama. Wallahi nlitaka kumsalimia.

Yule mwenye kanzu alikuwa Maalim Masoud. Ujanani kwake alikuwa akipamba misahafu. Ile michoro ya pembezoni mwa ukurasa, mizabibu na maua kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, ilikuwa kazi ya ukoo wao. Aliyemfundisha alimfungisha ahadi kwamba mkono ule usitengeneze kiumbe mwenye roho akatimia na uso wake. Lakini hapa kisiwani hakukuwa na mtu anayechora nguo, mti, mkono au mgongo wa mnyama kama yeye. Bwana Haroub akamwendea, akamwendea tena, mpaka wakaafikiana: Maalim atachora viwiliwili, vichwa vichorwe na mwengine. Kisicho na kichwa, Maalim alisema, ni umbo tu. Na hakumsema mtu. "Ahadi hii yangu mie," alikuwa akisema. "Kila mtu na yake."

Yule wa dirishani alikuwa Bwana Jayanti. Alianza kwa kuwachorea masonara mitindo ya bangili na mikufu, kisha akawa mchoraji wa mabango ya sinema hapa mjini. Uso mmoja wa mwigizaji ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu ya Kendwa. Sasa alikuwa akichora nyuso ndogo kama ukucha, na ukizitazama zina ukubwa ule ule.

Baina ya mabwana hawa wawili ndio nikawekwa mie. Nnakata kichwa cha Jayanti kwa wembe, nnapaka gundi ya mpira, nnakibandika juu ya kiwiliwili cha Maalim, na mtu akija anaona kiumbe mmoja. Mkiulizwa Bi Mize alifanya kazi gani, semeni alikuwa shingo.

Kilichonistaajabisha ni kwamba hawakupimana. Hakuna rula wala alama. Maalim anamalizia shingo yake kwa mkunjo mdogo kama mwezi mwandamo, Jayanti anaanzia kichwa chake kwa mkunjo ule ule, kila mtu kaelekea ukuta wake. Mie nikiviweka pamoja vinakaa kama sufuria na kifuniko chake. Na kwa sababu hiyo ndio nilitia aibu wiki ya mwanzo. Nilibandika kichwa cha jogoo juu ya kiwiliwili cha bata, na kikakaa vizuri mno, sikuona kasoro hata chembe. Nikampelekea Bwana Haroub kwa furaha.

Bwana Haroub akatazama, akavua miwani, akavaa tena.

"Huyu ndege gani?"

Jayanti akadakia, bila ya kugeuka: "Wa Kendwa huyo. Kwao Mize kuku wanavua samaki."

"Tena mkamilifu," Maalim akasema. "Anaadhini alfajiri, akimaliza anakwenda zake kuoga."

Waliniita Kuku Maji mwaka mzima.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawasemezani. Hawakugombana, msije mkafahamu vibaya. Ilikuwa mchezo wao. Kila neno lazima lipite kwangu, na mie nimekaa katikati, na chumba chenyewe mnakijua, ukikohoa huku wanakwambia afya kule.

"Mize, mwambie Jayantibhai huyu baba kamfanya kama mtu anayetafutwa na polisi."

"Mize, mwambie Maalim kanzu aliyomvisha imepigwa pasi mpaka maskini hawezi kuinama. Ndio maana kakasirika."

Nami nnasema kwa Jayanti, "Kasema Maalim…" na Jayanti anajibu, "Nshasikia," kisha ananipa jibu nimpelekee. Posta hiyo haikufungwa hata siku moja.

Sasa nikuelezeni saa ya chai, kwa sababu skuli yangu mie ilikuwa hapo.

Jayanti alikuwa na kopo la biskuti la bati, limeota kutu pembeni. Ndani yake alitia picha za wachoraji wa vitabu, alizozikusanya tangu yu kijana: kurasa za kalenda, vipande vya vitabu vilivyoliwa na mchwa, picha alizopewa na mabaharia. Kila saa ya chai alitoa moja. Moja tu. Ukimwomba ya pili anafunga kopo. "Macho nayo yana tumbo," alikuwa akisema, "yakishiba sana yanatapika."

Hapo ndipo nilipoona malaika waliochorwa na watawa wa Uhabeshi, macho yao makubwa kama vikombe vya kahawa, wanakutazama wote kwa pamoja hata ukihama kiti. Niliona bustani ya Kiajemi, bustani nzima ndani ya kiganja, na kila jani limechorwa peke yake, na ndani ya mto mna samaki, na samaki ana magamba. Jayanti akanambia brashi ya aliyeichora ilikuwa ya manyoya ya mnyama, ncha yake unywele mmoja. Nikauliza huyo mtu alikula saa ngapi. Akasema, "Labda hakula. Labda ndio maana kachora makomamanga."

Siku nyengine akatoa picha ya Kizungu ya zamani, farasi, mistari myeusi mitupu. Nikasema, mbona kazi rahisi hii, wino na karatasi tu. Akanambia, aliyefanya hii hakuchora mistari myeusi. Alichukua ubao, akachonga akatoa kila mahali panapotaka kuwa peupe, na alichokiwacha akakipaka wino akakipiga chapa, ndio hicho unachokiona. Basi yale manyoya ya farasi, kila unywele, yule mtu hakuugusa. Aligusa pembeni yake. Nilirudi nyumbani kwa shangazi nikashindwa kusimulia. Nikamwambia tu, "Shangazi, kuna watu walipewa mikono," akadhani nimepata mchumba.

Na majina yao? Jayanti alikuwa hajui. Wengi wao hakuna anayejua. Mabwana wakubwa waliowachorea wana majina, na makaburi yao yana majina. Hawa wana samaki mwenye magamba.

Maalim alikuwa hainuki kuja kutazama, hasa zikiwa nyuso. Anakunywa chai yake na visheti vyake. Lakini siku moja Jayanti alitoa picha kutoka Japani, ya mwanamke amekaa, katupa mgongo, anachana nywele. Huoni uso. Unaona shingo nyuma, kola ya nguo, na kiwiko. Nikasema, "Mzuri huyu." Jayanti akauliza, "Umemwona wapi?" Nikasikia kiti cha Maalim kinasogea. Akaja, akasimama nyuma yangu na kikombe mkononi, akaitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Kisha akarudi mahali pake, na mashine ikaanza kunguruma.

Baada ya siku kidogo Maalim akaja na karatasi yake mwenyewe, kaikunja ndani ya kitambaa cheupe. Haikuwa ya msahafu. Ilikuwa karatasi aliyojifunzia alipokuwa mdogo, pambo la pembezoni, mzabibu mwekundu na wa manjano unaokwenda na kurudi na kuingia ndani yake. Nikatafuta unapoanzia, sikupaona. Nikatafuta unapomalizikia, nikapata kizunguzungu. "Mize," Maalim akasema, "mpe Jayantibhai atie kwenye kopo lake."

Jayanti aliitia chini ya lenzi aliyobaki nayo tangu kwa masonara. Akatazama kona moja, akahamia ya pili. Kisha akaiweka mezani taratibu, akainama, akavua viatu.

"Mwambie Jayantibhai hiyo karatasi ya kujifunzia tu," Maalim akasema.

"Mwambie Maalim najua," akasema Jayanti. "Na mie nimo katika kujifunza."

Basi kazi ya kitabu ikaenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ukabaki mmoja. Wa mwisho. Bibi anakuna nazi.

Lakini kabla ya hapo nlianza kuona jambo. Vichwa vya Jayanti vilikuwa vinateleza. Mwalimu alikuja jicho moja liko karibu na shavu. Mie nikalikata kwa wembe, jicho tupu, dogo kama mbegu ya mpapai, nikalisogeza kwa ncha ya sindano nikalirudisha mahali pake. Sikumwambia mtu. Kilichofuata paka, masikio hayakulingana. Nikayasogeza. Nikajipa moyo kwamba ni uchovu. Siku moja akanyoosha mkono kuchovya nibu, akachovya kwenye kikombe cha chai. Nikacheka, maana mie hucheka mwanzo nikafikiri baadaye. Yeye hakucheka. Akasema, "Mize, kidau kiko wapi?" Na kidau kilikuwa mbele yake.

Alikuwa na maradhi ya macho. Spitali wakamwambia kilichobaki wajaribu kukizuia, kilichokwenda hakirudi. Pembeni alikuwa bado akiona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango, lakini katikati, pale anapochorea, hamna kitu. Na kichwa cha Bibi hakijachorwa.

Bwana Haroub hakuwa mtu mbaya. Alitukalisha, akasema wazi. Mchoraji mwengine wa kuchora kichwa kimoja tu kifanane na vya Jayanti hayupo, wameshajaribu wawili na Bibi alitoka kama mgeni aliyepotea nyumba. Kitabu cha mtoto hakiwezi kuwa na familia yenye nyuso za mikono miwili. Kwa hivyo walioko juu yake wameamua vichwa vyote vichorwe upya na mtu mwengine, mkono mmoja, kuanzia jogoo mpaka Bibi. Mashine ikimaliza kazi iliyomo, kitabu kinaingia.

Akanipa chupa ya petroli na pamba. Gundi yetu ile ukiitia petroli inaachia. Kazi yangu sasa ilikuwa kubandua.

Mkumbuke hapo kwamba Jayanti hana kichwa chengine atakachochora tena duniani. Mabango yake ya sinema yalishaoza kwa mvua zamani. Mitindo yake ya bangili iliyeyushwa pamoja na bangili zenyewe. Vilivyobaki vya mkono wake ni vile, na mie ndiye nimeshika pamba.

"Bandua tu, Mize," akanambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti. "Bandua polepole visichanike, nimpelekee mke wangu."

Nlichovya pamba. Nikakaa nayo mpaka ikakauka. Nikachovya tena, ikakauka tena. Petroli nyingi ilipotea siku ile, na sijaulizwa mpaka leo.

Maalim akakunja vitu vyake akaondoka kabla ya wakati.

Asubuhi yake tulimsikia ngazini anahema na kitu kinagonga kila kidato. Akaingia na mbuzi ya kukunia nazi chini ya kwapa, nazi mbili kwenye kikapu, na kanga ya mke wake. Akaweka mbuzi katikati ya chumba.

"Mize. Kaa ukune."

"Hapa, Maalim? Bwana Haroub atatufukuza."

"Akitufukuza utakuwa umeshakuna. Jifunike kanga vizuri. Hapana, usielekee huku. Elekea ukuta. Nipe mgongo."

Nikakaa. Kanga nimejifunika kichwani ikashuka mabegani, ukuta mbele yangu, wazee wawili nyuma yangu. Mashine chini imenyamaza. Nikaanza kukuna, na nyuma nikasikia nibu inatembea, sauti ndogo kama mende kwenye karatasi.

Na mie, posta, nimeshughulika. Basi siku ile ndio mara yangu ya mwanzo kuwasikia wakisemezana wenyewe.

"Maalim," akasema Jayanti. "Unachora nini?"

"Nguo."

"Nguo ya nani?"

"Ya kuvaa."

"Imevaliwa au imeanikwa?"

"Yakhe, ulikuwa ukiulizwa masuala haya ulipokuwa ukichora wale mabwana zako wa sinema?"

"Wale walikuwa wakinilipa kwa tiketi, siulizwi kitu."

"Ndio maana ukawapa pua ndefu. Ulikuwa ukiwaona kutoka viti vya mbele."

Mie nikaanza kucheka. Nikajizuia, kicheko kikashuka mabegani. Nazi ikaniponyoka ikagonga ukuta, ikarudi.

"Tulia, Mize!"

"Mie nimetulia, Maalim. Nazi ndiyo haijatulia."

"Mwache," Jayanti akasema. "Kuku Maji huyo, nazi hajazoea."

Wakaendelea hivyo, mmoja anachokoza na mwengine anarudisha, miaka yote ile ya kusema kupitia kwangu imefunguka kama bomba, na mie nnakuna na kucheka na machozi yananitoka, na nibu haikusimama hata mara moja. Ilipoanza mashine, Maalim alikuwa ameshafunika kidau.

Niligeuka nikatazama. Niseme nini? Nimekaa na picha nyingi za watu wakubwa kutoka kopo lile, na bado sijui niseme nini. Alikuwa bibi. Kanga imemfunika kichwa ikaporomoka, na mikunjo yake unaisikia uzito wake. Kiwiko kimoja kimetoka. Unyayo mmoja unaonekana nyuma, una nyufa za kisigino za mtu aliyetembea peku umri wake wote. Mie nlikuwa msichana, sina nyufa hizo. Sijui alizitoa wapi. Uso hana, wala hakuna mahali ulipokatwa. Karibu nimwite aniletee tui.

Bwana Haroub akaja kutazama kelele za nini. Akasimama mbele ya karatasi.

"Nipeni," Jayanti akasema.

Nikampa. Akaenda nayo dirishani, akaiinua mpaka ikagusa pua, kisha akageuza kichwa upande, kwa sababu alikuwa akiona kwa pembe ya jicho tu. Akaipitisha mbele ya ule ufa wake polepole, kipande kwa kipande, kutoka kanga mpaka kisigino.

"Huyu anacheka," akasema.

"Umejuaje?" Bwana Haroub akauliza. "Uso hana."

"Mabega haya si ya kukuna. Ya kukuna yanakwenda mbele. Haya yanapanda." Akaipitisha tena. "Na uso anao. Nshauchora. Huyu mama yake yule baba wa ukurasa wa nne. Mtoto anayesoma akifika hapa ameshamwona, kidogo kwa baba, kidogo kwa yule binti yake. Kitabu chote ni uso wake."

Sote tukamgeukia Maalim. Alikuwa anapangusa nibu.

"Mie nimechora nguo tu," akasema. "Aliyemo ndani mmemtia nyinyi."

Bwana Haroub akakaa kitako. Akafungua kitabu kutoka mwanzo, jogoo, ng'ombe, baba, binti, mwalimu, akafika kwa Bibi. Akarudia. Kisha akanambia, "Mize, rudisha ile chupa ilikotoka."

Nilishuka ngazi nikiruka vidato viwili viwili. Leo nikijaribu mtanizika.

Jayanti hakuchora tena, lakini alikuwa akija saa ya chai na kopo lake. Ananipa nifungue, nnamwambia nimetoa ipi, naye ananieleza. "Kona ya chini kulia kuna sungura." Miaka nimeitazama picha ile na sungura sikumwona. Nnainama, sungura yupo, nyuma ya jani. Kipofu akinionesha mie mwenye macho, na Maalim anauliza kutoka kule kwake, moja kwa moja, "Masikio yake yako vipi, Jayantibhai?" Mie nikakosa kazi ya posta. Wameshatangulia wote wawili, kila mtu kwa dini yake, na nlikwenda kuwasindikiza wazee wote wawili kadiri mwanamke anavyoruhusiwa.

Baadaye zikaja kompyuta zenu, shingo haitakiwi tena, nikahamishiwa kuhifadhi picha. Nimeona wengi wakija. Yule dada aliyechora mwani wa Kiwengwa kwa rangi za maji, amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni na karatasi kaiweka juu ya ndoo. Yule kijana wa kima punju wa Jozani, aliyemchora kima mmoja mpaka kima mwenyewe akaja kutazama. Wote niliwapa kwanza kurasa za asili za kitabu kile, zile za gundi, ziko kwenye droo ya chini, ufunguo unakwama, ubinyeni kushoto. Niliwaambia, fumbeni macho, pitisheni kidole.

Na wewe Nasra fanya hivyo kabla hujamgeuza mtu. Pitisha kidole kwa jogoo, utakuta mshono shingoni. Kwa ng'ombe, mshono. Kwa baba, mshono, na jicho la mwalimu utaliona lina kiukuta chake kidogo, usimwambie mtu. Fika kwa Bibi. Pitisha tangu kanga mpaka kisigino. Karatasi moja tu.

Mgongo ule wangu, nshasema. Kila mtoto wa kisiwa hiki ananijua kwa nyuma, na hakuna aliyewahi kunisalimia njiani. Sasa umri wa Bibi nimeufikia, na zile nyufa za kisigino nnazo, zimekuja pale pale alipozichora. Maalim aliziona mapema.

Ukimgeuza hutamkuta bibi. Utamkuta msichana wa Kendwa meno yamepishana, mdomo wazi, nazi imemrukia puani, na watoto wa watu wataikimbia skuli kama nilivyoikimbia mie. Mwache aelekee ukuta. Yeye hatutupi mgongo, mwanangu. Yeye anawasikiliza wazee wawili walio nyuma yake, na mtoto akifungua ukurasa ule, anakaa pale pale walipokaa wao.